Kiko, Tumbaku ya Ladhiqiyya na Sharti la Wanavyuoni

Ndugu msomaji, ipo hoja moja inayopendwa sana na wavutaji wa tumbaku, khasa wazee wetu wanaovuta kiko barazani baada ya Alasiri. Ukiwagusia jambo hilo hukwambia: "Wanavyuoni wakubwa wameihalalisha, na vitabu vyao vipo." Hoja hii si ya uwongo. Wapo kweli wanavyuoni wakubwa walioiruhusu, na wengine miongoni mwao majina yao yakitajwa husikilizwa kwa adabu. Lakini aghlabu mwenye kuitoa hoja hii huwa amesikia nusu ya maneno yao, na nusu ya pili haikumfikia. Kwa hivyo tumeona vyema tueleze khabari ya tumbaku tangu ilikotoka, namna ilivyoingia katika miji ya Waislamu, utamu ambao watu wameuona kwake, na waliyoyasema wanavyuoni wa pande zote mbili. Baada ya hapo msomaji atapima mwenyewe.

ILIKOTOKA

Kwanza ifahamike kwamba tumbaku haikuwapo katika nchi zetu, wala Bara Arabu, wala Shamu, wala Misri, katika zama za Mtume (S.A.W.), wala za Masahaba zake, wala za maimamu wanne. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alikirimiwa Mogadishu, naye akaandika kila alichokiona mezani: wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili, na kabla ya hayo sahani ya tambuu na popoo. Mtu aliyeandika mpaka achari asingeliacha kukitaja kiko lau angelikiona. Hakukitaja kwa sababu mmea wenyewe ulikuwa bado uko ng'ambo ya bahari kuu, katika nchi ambayo leo tunaiita Amerika.

Mwaka 1492 Christopher Columbus alipofika kisiwa cha Cuba alidhani amekaribia nchi za mashariki ya mbali. Akatuma watu wawili waende ndani wakaonane na mfalme wa huko. Mmoja wao alikuwa Luis de Torres, naye alichaguliwa kwa sababu alijua Kiebrania na Kiarabu kidogo, kwani Columbus alitaraji kuwa huko watamkuta mtu wa kusema naye kwa Kiarabu. Hawakumkuta mfalme, wala hawakumkuta msema Kiarabu. Walichokiona ni wanaume na wanawake wamebeba majani yanayowaka moto, wanavuta moshi wake. Basi tazama ajabu ya mambo: mtu aliyechukuliwa kwa ajili ya Kiarabu chake alikuwa miongoni mwa Wazungu wa mwanzo kuiona tumbaku ikivutwa, na miaka mia na kitu baadaye tumbaku hiyo hiyo ndiyo iliyowashughulisha waandishi wa Kiarabu kutoka Timbuktu mpaka Damascus.

Huko Ulaya iliingia kwa jina la dawa. Mwaka 1560 balozi wa Ufaransa katika nchi ya Ureno, Jean Nicot, aliipeleka kwa wakubwa wake kama dawa, na kutokana na jina lake ndiyo ikaja kuitwa nikotini ile sumu iliyomo ndani ya jani, ambayo wataalamu wa Ujerumani waliitenga peke yake mwaka 1828. Katika dola ya Uthmaniya iliingia kwa mlango huo huo. Mwanahistoria wao, İbrahim Peçevi, ameandika kwamba wafanyabiashara wa Kiingereza ndio walioileta katika mwaka 1009 wa Hijra, yaani kiasi cha 1600, wakaiuza kwa madai kwamba inaponyesha maradhi ya unyevunyevu mwilini. Ugonjwa ukasahauliwa, dawa ikabaki.

UPANGA WA SULTAN MURAD

Haukupita muda, majumba ya kahawa ya Istanbul yakajaa moshi. Mwaka 1633 moto mkubwa uliunguza sehemu kubwa ya mji huo. Sultan Murad wa Nne akafunga majumba ya kahawa, akapiga marufuku tumbaku, na adhabu ya mwenye kukamatwa akivuta ikawa ni kuuawa. Hakuwa mtu wa kutisha kwa maneno tu. Watu wengi waliuawa, mjini na hata jeshini.

Je, waliacha? Katip Çelebi, ambaye wasomaji wa Kiarabu humjua zaidi kwa jina la Haji Khalifa, mwenye kitabu cha Kashfudh-Dhunun, aliishi katika zama hizo na alifuatana na jeshi hilo. Katika kitabu chake Mizanul-Haqq, alichokitunga mwaka 1656, anasimulia kwamba kulikuwa na askari waliobeba viko vifupi mikononi mwa kanzu zao, na wakapata nafasi ya kuvuta hata wakati wenzao wanauawa kwa kosa hilo hilo! Murad alikufa mwaka 1640. Miaka michache baadaye Sheikhul-Islam wa dola hiyo, Bahai Mehmed Efendi, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji, alitoa fatwa kwamba tumbaku ni mubaha. Upanga ulishindwa na jani.

Tumeileta khabari hii, ndugu msomaji, ili ufahamu kwamba jambo hili halikuwa dogo hata siku za mwanzo wake, na kwamba kukataza kwa nguvu bila ya moyo wa mtu kukinai hakuzai ila kujificha.

WALIVYOKHITALIFIANA WANAVYUONI

Ama wanavyuoni, wao walikabiliwa na kitu kipya kisichokuwa na aya iliyokitaja kwa jina lake, wala hadithi, wala kauli ya imamu. Ilibidi wapime. Na mizani ilitoka sivyo kwa huyu na sivyo kwa yule.

Mwaka 1607 Ahmad Baba wa Timbuktu, aliyekuwa amehamishwa na kuwekwa Morocco kwa miaka mingi, aliandika risala ya kuiruhusu. Katika nchi ya Misri walikuwapo masheikh wawili wa zama moja na wa madhehebu moja, nayo ni ya Imam Malik. Mmoja ni Ibrahim al-Laqani, aliyekufa mwaka 1041 wa Hijra (1631), mwenye nadhmu ya Jawharatut-Tawhid inayosomeshwa mpaka leo. Huyu aliandika risala ya kuwanasihi ndugu zake wajiepushe na moshi. Wa pili ni Ali al-Ujhuri, aliyekufa mwaka 1066 wa Hijra (1656). Huyu aliandika risala ya kuhalalisha. Na Damascus akatokea Sheikh Abdulghani al-Nabulusi (1641–1731), akatunga kitabu kizima cha kutetea uhalali wake, akakiita kwa jina la kupatanisha baina ya ndugu.

Walioruhusu walisema: asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Tumbaku si ulevi kama tembo, kwani akili ya mvutaji haiondoki. Na madhara yanayosemwa hayakuthibiti. Mmoja huvuta akaumwa, na wa pili huvuta miaka arubaini asiumwe. Basi vipi tuharamishe juu ya umma wote kwa dhana?

Waliokataza walisema: ni katika mambo machafu, nayo Qur'ani katika Surat Al-A'raf imetaja kuwa Mtume anaharamisha machafu. Ni kupoteza mali, kwani mwenye kununua kitu akakichoma moto amefanya nini zaidi ya israfu? Harufu yake huwaudhi watu na Malaika, nasi tunajua kuwa aliyekula kitunguu saumu kibichi ameambiwa asikaribie msikiti. Na juu ya yote, wakasema, inadhuru mwili.

Sasa hapa ndipo tunapomtaka msomaji asimame kidogo. Hebu zitazame tena hoja za pande zote mbili. Je, waligombana juu ya swali la kuwa chenye kuua mwili kinaruhusiwa au hakiruhusiwi? Hapana! Katika hilo hawakukhitalifiana hata kidogo. Waliloshindania ni la tabibu, si la faqihi: je, kitu hiki kinadhuru au hakidhuru? Al-Ujhuri amelitia sharti ndani ya jina la risala yake lenyewe, kwani ametaja kwamba anachohalalisha ni kile kisichopoteza akili. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kitabu cha Bughyatul-Mustarshidin cha Sayyid Abdulrahman Ba Alawi, mufti wa Tarim aliyekufa mwaka 1320 wa Hijra (1902), kinasema kwa uwazi. Kinakiri kwamba tumbaku haina hadithi wala kauli ya watangulizi, kisha kinaeleza kuwa anayedhurika nayo katika akili yake au mwili wake, kwake yeye ni haramu, kama asali inavyokuwa haramu kwa mgonjwa ambaye inamdhuru. Asali, ndugu msomaji, ambayo Qur'ani imeitaja kuwa ina ponyo!

UTAMU WA LADHIQIYYA

Si insafu kuandika juu ya tumbaku tukajifanya kuwa haina ladha. Inayo, na watu wameifanyia ujuzi mkubwa. Na katika ujuzi huo jina linalotajwa mbele ni jina la mji wa Waislamu: Ladhiqiyya, bandari ya Shamu katika bahari ya kati, ambayo Wazungu huiita Latakia.

Tumbaku ya huko hukaushwa kwanza kwa jua, kisha hutundikwa ndani ya nyumba na kufukizwa moshi wa kuni za miti ya milimani, ikiwemo mialoni na misonobari, kama sisi tunavyobanika samaki, mpaka jani linageuka jeusi na kushika harufu nzito ya moshi na utomvu. Husimuliwa kuwa ujuzi huu haukukusudiwa: wakulima walitundika majani darini, moshi wa meko ya majira ya baridi ukayashika, na walipoyavuta wakayaona yamezidi utamu. Mwingereza Edward William Lane, aliyekaa Cairo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1836, ameandika kwamba wakubwa wa Misri walikuwa wakivuta tumbaku ya upande wa Ladhiqiyya, na iliyo bora kwao ikiitwa ya Jabali, kwa viko virefu vya futi nne au tano, mdomoni pamewekwa kipande cha kaharabu. Baadaye Cyprus nayo ikashika kazi ya kufukiza majani kwa namna hiyo, na sehemu kubwa ya biashara yake ikahamia huko.

Hapa kwetu pwani watu walishika zaidi kiko cha maji, na lugha yetu yenyewe ni shahidi. Tunalo neno bori kwa kile kikombe cha udongo kinachotiwa tumbaku, digali kwa mti unaoshuka kwenye maji, shilamu kwa mrija wa kuvutia, na malio kwa ule mlio wa maji yanapochemka kwa pumzi ya mvutaji. Watu hawatii majina manne kwenye kitu wasichokipenda.

Jani la Ladhiqiyya lilifika Uingereza, na mafundi wa huko wakalichanganya na majani matamu ya Virginia na majani madogo yenye kunukia ya Uturuki na Ugiriki. Alfred Dunhill alifungua duka London mwaka 1907 katika mtaa wa Duke Street, akawa anamchanganyia kila mteja kwa kadiri ya ulimi wake. Mchanganyiko uitwao Balkan Sobranie, nao wenye jani la Ladhiqiyya, ulipata sifa kubwa kwa wenye kiko.

Wajuzi hao wana adabu zao. Kiko hujazwa kwa tabaka, chini kwa wepesi na juu kwa kukazia. Huwashwa mara ya kwanza, kikashindiliwa, kikawashwa tena. Huvutwa polepole, kwani mwenye haraka ulimi wake huuma. Kisha wakagundua kuwa tumbaku ikifungwa vyema ndani ya kopo haikai bure. Jani la Virginia lina sukari, na kwa miaka huchachuka taratibu, ukali wa ile hewa ya amonia hupungua, na ladha huwa laini, kama achari iliyosahauliwa kabatini inavyokuwa bora kuliko ya wiki iliyopita. Jani la Ladhiqiyya lenyewe huenda kinyume, moshi wake hufifia kila mwaka, mpaka mchanganyiko wa zamani ukawa na upole usiopatikana katika mpya. Kwa sababu hii wapo watu Ulaya na Marekani wanaonunua makopo wakayaweka miaka 10, 20, mpaka 30 na zaidi, wakiandika tarehe juu yake na kuyakagua yasile kutu, kwani tundu dogo kama la sindano hukausha jani lote. Kopo la kiwanda kilichokwisha kufungwa huuzwa kwa bei inayoshinda mara nyingi bei yake ya kwanza. Mtu hulifungua mbele ya rafiki zake kama afunguaye barua ya babu yake.

Haya yote ni subira, na subira ni sifa njema. Lakini subira nayo ina pahala pake.

MIAKA IMEFANYA NINI?

Tuulize: ile miaka 30 ndani ya kopo imeondoa nini, na imebakisha nini? Imeondoa ukali wa ladha. Haikuondoa nikotini inayomfunga mtu, wala haikubadilisha kazi ya moto. Jani likishaunguzwa, liwe la mwaka jana au la kabla ya vita vikuu, huzaa lami na hewa ya sumu. Uzee umelainisha mlango wa kuingilia, lakini mwenye nyumba ni yule yule.

Na khabari za madhara si mpya. Mwaka 1795 tabibu wa Ujerumani, Samuel Thomas von Soemmerring, aliandika kuwa saratani ya mdomo huonekana kwa wavutao kiko. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walitoa Uingereza uchunguzi wao uliofungamanisha sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyothibitisha jambo hilo, na ndani yake kiko kikatajwa kwa jina kuwa ni sababu ya saratani ya mdomo. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka.

Mwenye kiko atasema: "Mimi simezi moshi." Ni kweli kwamba wengi wao hawamezi, na kwa hivyo mapafu yao hupata pungufu kuliko ya mvuta sigara. Lakini mdomo, ulimi na koo havina pa kukimbilia, na nikotini hupenya kwa ngozi nyororo ya kinywani. Na kijana wa leo anayevuta shisha yenye harufu ya tufaha, akadhani maji yamemsafishia, naye ajue kuwa maji hupoza moshi, hayaondoi sumu yake. Kisha wapo mke na watoto ambao hawakununua kopo wala hawakujaza kiko, nao wanauvuta moshi huo huo chumbani.

TURUDI KWENYE HOJA

Basi sasa turudi kwa aliyesema kuwa wanavyuoni wakubwa wameihalalisha. Tunamwambia: umesema kweli, ndugu yetu, nasi hatuthubutu kuwavunjia heshima. Walitazama kwa elimu iliyokuwapo. Hapakuwa na darubini ya kuitazama nyama ya pafu, wala hesabu za wagonjwa kwa maelfu. Waliulizwa juu ya madhara yasiyothibiti wakajibu kwa kadiri hiyo. Lakini sharti walilolijengea fatwa zao limekwisha anguka, na fatwa ikiondokewa na sharti lake haibaki peke yake hewani. Anayeing'ang'ania leo hawafuati wao, anafuata wino wao. Na Surat Al-Baqara, katika aya ya 195, imetukataza kujitupa kwa mikono yetu wenyewe katika maangamizo. Hakuna mwanachuoni kati ya hao wote aliyesema kwamba aya hiyo haimhusu mwenye kiko.

Pengine atasema: "Nimezoea, siwezi kuacha." Hatumdharau, kwani nikotini ni kamba ngumu. Lakini na asikie khabari ya Iran. Mwaka 1890 Shah Nasiruddin aliuza haki zote za tumbaku ya nchi yake, ya kununua, kuuza na kusafirisha, kwa Mwingereza mmoja aitwaye Talbot. Mwezi wa Disemba 1891 ikaenea fatwa kwa jina la mujtahid wao mkubwa, Mirza Hasan Shirazi, kwamba kutumia tumbaku kwa hali yoyote wakati huo ni haramu. Nchi nzima ikaweka viko chini. Maduka yakafungwa. Hata ndani ya nyumba ya Shah, wake zake na watumishi wake waliviweka kando. Mwezi wa Januari 1892 Shah akaufuta mkataba, na nchi ikalipa fidia ya pauni 500,000. Baada ya hapo watu walirudi kuvuta, kwani fatwa ilikuwa ya siasa na muda wake umekwisha. Lakini wamekwisha tuachia ushahidi: kile ambacho upanga wa Murad haukuweza kwa miaka, neno la mtu wanayemwamini liliweza kwa siku chache. Watu waliokuwa wakivuta tangu ujana wao waliacha, wala hawakufa kwa kuacha.

Kwa hivyo, baba mwenye kiko, hatukuandika haya kukuaibisha mbele ya wanao. Nenda kwa daktari akusaidie, anza kwa kukitoa kiko chumbani, kisha barazani, kisha mkononi. Mwaka huu ukishindwa mara ya kwanza, jaribu ya pili. Mama, mstahamilie, kwani mwenye kuacha huwa mkali kwa siku kadhaa. Na wewe kijana ambaye hujaanza, huna la kuacha, basi usijitafutie.

Na aliye na mapenzi na al-Ujhuri na al-Nabulusi, na awafuate. Lakini awafuate njia nzima, mpaka kwenye sharti lao.

Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na Yeye ndiye wa kuombwa msaada.